Maikrofilamu au skani kwa kuhifadhi jarida la Jugend?

Jarida la Jugend lilianza Munich mwaka 1896, likaupa mtindo wa sanaa wa Jugendstil jina lake, na kurasa zake zilijaa rangi. Maikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, ikiwa ya nyeusi na nyeupe huziua zote: jalada jekundu hutoka kijivu. Hata hivyo filamu ya poliesta, ikitunzwa penye ubaridi na ukavu, hudumu karne kadhaa, na kuisoma kwataka taa na lenzi tu.

Skani, yaani picha za kidijitali za kurasa, huzirudisha rangi; Maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg imeweka skani za Jugend mtandaoni bure. Kutafuta neno ndiko kugumu: kwenye majarida ya Kijerumani yenye herufi za Fraktur, mwandiko wa kale wa chapa, kompyuta husoma s ndefu (ſ) kama f. Mimi ningechagua skani, na karatasi zenyewe nisizitupe kamwe.