Seti ya kufyonza mafuta majini: kazi inayoiweza na ile isiyoiweza

Gati ninalofanyia kazi huhudumia boti ndogo zinazokuja kujaza dizeli, na kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa tumeweka seti ya kufyonza mafuta ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko, hatua chache kutoka kwenye pampu. Ndani yake mna vitambaa vyeupe vya polipropilini (aina ya plastiki), vizuizi vinavyoelea vyenye umbo la mto mrefu mwembamba, glavu na mifuko mizito ya taka. Weupe wa vitambaa hivyo si pambo. Katika bidhaa za aina hii, cheupe kwa kawaida ni kile kinachonyonya mafuta na kukataa maji, ilhali cha kijivu hunyonya kila kimiminika, kwa hiyo anayepeleka cha kijivu baharini atakiona kikijaa maji kabla hakijagusa mafuta.

Tuliitumia kwa dhati siku ambayo mpira wa pampu ulichomoka kwenye tangi la boti na dizeli ya kadiri ya ndoo moja ikamwagika kabla swichi haijazimwa. Haikupita dakika mbili utando ukawa mpana kuliko boti yenyewe. Tuliunganisha vizuizi kwa ndoano zake, tukavizungusha upande ambao maji yalikuwa yakisukuma mafuta, kisha tukalaza vitambaa juu ya utando kimoja baada ya kingine. Kitambaa huelea kwanza kikiwa kikavu kabisa; halafu doa la manjano huingia pembeni na kusambaa polepole hadi katikati, na ukikiinua kinakuwa kizito lakini hakidondoshi maji. Baada ya nusu saa utando ulikuwa umekwisha isipokuwa kati ya nguzo za gati, ambako mkono haufiki. Kwa kazi ya namna hiyo naipa bidhaa hii sifa zote.

Kasoro yake ya kwanza ni maelekezo. Kibandiko kinataja lita ambazo seti inaweza kufyonza, bila kusema kwamba kipimo hicho hakihusu maji yenye mawimbi. Hakisemi pia kwamba mkondo unaogonga kizuizi moja kwa moja ukizidi takriban sentimita 35 kwa sekunde, mwendo ambao ni wa polepole kuliko mtu anayetembea, mafuta huanza kupita chini yake. Anayeweka kizuizi akikikatisha mkondo atadhani ameyanasa, kumbe yanatokea upande wa pili; kinatakiwa kiwekwe mshazari ili kiyaelekeze mahali penye utulivu.

Kasoro ya pili inanisumbua zaidi. Kijitabu kilichokuja na seti kina picha ya meli kubwa ya mafuta, na kinaiuza bidhaa hii kama maandalizi dhidi ya majanga ya baharini. Dunia hutumia takriban mapipa milioni 100 ya mafuta kila siku, na mwaka 2024 kama mapipa milioni 20 kwa siku yalipita katika Mlangobahari wa Hormuz pekee. Mwaka 2010 kisima kilichokuwa kikichimbwa na mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko kilivuja kwa siku 87, na pamoja na maelfu ya vyombo vilivyopelekwa huko, serikali ya Marekani ilikadiria kwamba mafuta yaliyokusanywa kutoka juu ya maji yalikuwa asilimia 3 tu, na yaliyochomwa asilimia 5. Picha ile ya meli inamuahidi mnunuzi jambo ambalo hata dola tajiri haikuliweza.

Kilichopunguza umwagikaji kutoka kwenye meli ni sheria na vyuma. Baada ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez kupasuka Alaska mwaka 1989, meli mpya za mafuta zililazimishwa kuwa na ngozi mbili, yaani kuta mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na ajali ambazo katika miaka ya 1970 zilikaribia 80 kwa mwaka, kwa kuhesabu zile za zaidi ya tani 7, zilishuka hadi chini ya 10 katika miaka ya 2010. Sasa mashindano ya nishati yanaitafuna faida hiyo: tangu vikwazo vya mwaka 2022 dhidi ya mafuta ya Urusi, sehemu kubwa ya biashara hiyo imehamia kwenye meli kuukuu zenye bima isiyoeleweka. Desemba 2024, meli mbili zenye umri wa zaidi ya miaka 50 zilivunjika karibu na Mlangobahari wa Kerch, katika Bahari Nyeusi, zikiwa na mazuti, mafuta mazito ambayo kwa baridi ya maji yale mengi yalizama hadi chini. Kitambaa kinachoelea hakiwezi kuyagusa mafuta yaliyozama, na watu walibaki kuchota mchanga wa ufukweni kwa sepetu.

Nasema hivi nikiwa naipendekeza seti hii kwa kila gati na kila boti yenye injini, mradi inunuliwe kwa ajili ya ndoo moja au mbili na ifunguliwe katika dakika za mwanzo. Ni bora mno kuliko sabuni ya vyombo, ambayo wengine huimwaga ili utando usionekane. Meli ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Uingereza mwaka 1967, sabuni zilizomwagwa ziliua viumbe wengi wa miambani kuliko mafuta yenyewe.

Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji ni nani atakayepokea vitambaa vilivyotumika. Kwetu hakuna aliyetueleza, na mifuko ile ilikaa nyuma ya stoo miezi miwili, ikinuka dizeli, mpaka tulipompata mkusanyaji wa mafuta machafu aliyekubali kuichukua.