Espacenet: jinsi nilivyoipata mashine yangu kwenye A23N 5/03

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Pangani. Nimeunda mashine ya kufua nazi: roli mbili zenye meno zinazunguka kwa kukabiliana, zinachana makumbi, nazi inabaki nzima. Mama yangu amefua kwa kifuo tangu sijazaliwa na kiganja chake kina kovu refu. Nimeiunda kwa ajili yake.

Kabla ya kupeleka maombi ya hataza (patent, haki ya kulinda uvumbuzi) BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, nilitaka kujua kama nimetanguliwa. Mtu mmoja mjini alinitajia laki nne ili anitafutie. Nikaingia Espacenet, tovuti ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ni bure, wala hujisajili.

Ushauri wangu: usitafute kwa maneno. Niliandika nazi kwa Kiingereza, nikamwagiwa mafuta, sabuni na vinywaji. Tafuta kwa alama ya uainishaji, ambayo wakaguzi huipa kila hataza. Yangu, A23N 5/03, inasomeka hivi: A ni mahitaji ya binadamu, 23 vyakula, N mashine za matunda na mboga, 5 kumenya na kuvunja kokwa, 03 nazi. Nilipoiweka A23N 5/03 zikaja mashine za kufua na kuvunja nazi, hata za Kichina, ambazo kwa neno nisingezipata kamwe.

Mbuzi hayupo humo! Vifaa vya kukunia vya jikoni viko A47J 43/25, na vya kuchujia viko A47J 19. Nazi ni ileile, ila kinachoangaliwa zaidi ni kazi ya kifaa. Kwa hiyo jiulize kwanza chako kinafanya nini hasa.

Utakuta alama za IPC, uainishaji wa kimataifa wa hataza, na za CPC, uainishaji wa ushirikiano. CPC ilianza kutumika 2013, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikishirikiana na ya Marekani, nayo imegawanywa kwa undani zaidi. Mimi nilipitia zote mbili, maana si kila hataza ina CPC.

Kiswahili hakimo, mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenisomea madai, yaani sehemu inayotaja kile mvumbuzi anachotaka kilindwe. Michoro lakini fundi yeyote anaielewa. Roli zenye meno wenzangu walishaziunda zamani, iliniuma. Springi yangu, inayopanua nafasi kati ya roli kufuata unene wa nazi, sijaiona kwenye hata mmoja kati ya michoro 40 niliyoipitia. Maombi nayaandika upya, nikianzia kwenye springi hiyo.

Nyota tano.