Onsen ya kwenda na kurudi siku moja: ukiwa Tokyo, pesa yako uipeleke wapi?

Wageni wengi wakifika Tokyo huuliza onsen ipi, yaani bafu lipi la Kijapani la maji moto yenye asili ya ardhini, ina kiingilio cha chini. Kiingilio mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya gharama za safari hiyo. Kinachomaliza pesa ni nauli, kisha vile vidogovidogo vya mlangoni: taulo la kukodi, ushuru wa kuoga majimoto, soda ukitoka. Kwa hiyo nimezipanga kwa gharama ya siku nzima, tangu unapopanda treni hadi unaporudi kulala.

1. Maji meusi ya Kamata

Nafasi ya kwanza naipa Kamata, kusini mwa jiji, katika wilaya ya Ota. Kutoka kituo cha Tokyo nauli haifiki yen 300. Unakokwenda ni sento, yaani bafu la mtaa, na bei ya sento hupangwa na serikali ya jiji: tangu Agosti 2024 mtu mzima hulipa yen 550. Kwenda, kuoga na kurudi unatumia yen 1,100 hivi.

Maji yenyewe ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Weusi huo unatokana na mimea iliyooza ardhini tangu zamani sana. Ukizamisha mkono, vidole huvioni, na ukitoka ngozi inateleza kana kwamba umejipaka mafuta.

Utasikia watu wakisema hiyo si onsen ya kweli kwa sababu maji hutoka ardhini yakiwa baridi, kisha yanachemshwa. Hawasemi kweli. Sheria ya Japani ya 1948 inakubali maji yenye nyuzi 25 na zaidi yanapotoka, au yenye madini fulani kwa kiwango kilichowekwa. Maji ya Kamata yanaingia kwa madini yake. Usichokipata hapa ni mlima, mto na upepo wa nje. Pia sento nyingi hufunguliwa alasiri, kwa hiyo usiamke mapema bure.

2. Hakone-Yumoto

Kama unataka siku yenye sura ya safari, nenda hapa, mji wa onsen ulioko milimani. Panda treni ya kawaida ya kampuni ya Odakyu kutoka kituo cha Shinjuku, Tokyo, badilisha Odawara, na kwa saa mbili hivi umefika. Nauli ni kama yen 1,270 kwenda tu. Treni ya haraka, Romancecar, inapunguza nusu saa na zaidi, lakini unaongeza kama yen 1,200 kila upande. Mimi nusu saa hiyo siinunui. Pesa hizo naona bora nizilie chakula.

Usinunue pia ile tiketi ya pamoja ya Hakone kama unakwenda kuoga tu. Ni ya siku mbili au tatu, kwa mtu atakayezunguka hadi ziwani na kupanda magari ya kamba.

Ukifika una chaguo mbili ninazozipenda. Tenzan iko kando ya mto, ina mabwawa kadhaa ya nje katikati ya miti, na inajulikana kwa kumpokea mwenye tatuu, jambo ambalo sehemu nyingi za Japani bado hukataa. Kiingilio hakifiki yen 2,000. Hakone Yuryo ina basi lake la bure kutoka kituoni, na ina vyumba vya faragha, nitakavyovirudia chini. Pamoja na mlo mmoja, tenga yen 5,500 hivi.

3. Atami

Nauli ni kama yen 2,000 kwa treni ya kawaida ya Tokaido, karibu saa mbili. Bahari iko mbele yako, maji yana chumvi, na mbele ya kituo kuna bwawa la bure la kuloweka miguu. Naiweka ya tatu kwa sababu ya saa. Hoteli nyingi hupokea waogaji wa mchana kwa saa chache tu. Mimi niliwahi kufika saa tisa alasiri nikaambiwa muda umekwisha, nikarudi na chumvi ya upepo tu. Piga simu kwanza, useme neno moja: *higaeri*, yaani naja na kurudi leo.

4. Kusatsu

Kwa maji, hakuna hapo juu panapoifikia. Yana asidi kali, yanatoka ya moto mno, na mabafu matatu ya kijiji humpokea mgeni bila malipo. Lakini basi kutoka Shinjuku huchukua kama saa nne kwenda, na nne kurudi. Huko nenda ukalale.



Na stara je?

Hili ndilo huwazuia wengi wetu, na ni haki yao. Onsen kwa kawaida huingiwa uchi kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Mwenye kuchunga uchi wake hata mbele ya wa jinsia yake aulize *kashikiri*, chumba chenye bwawa kinachokodiwa kwa saa. Bei ni ya juu, lakini mume na mke, au dada watatu wakigawana, inabebeka. Wikendi vyumba huwahi kujaa. Weka nafasi mapema. Asiyeweza hata hilo ana bwawa la miguu la Atami, bure.

Kwa yeyote atakayeingia: keti kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni na ujisuuze mpaka povu liishe, ndipo uingie bwawani. Beba taulo mbili kutoka nyumbani, kubwa ya kujifutia na ndogo ya kuingia nayo. Hiyo ndogo haigusi maji ya bwawa. Wenyeji huikunja wakaiweka kichwani.