Usiku wa kwanza wa mtangazaji mpya, tukichambua karafuu

Nimekitazama kipindi kizima cha mazungumzo cha kila wiki, tangu saa nne na nusu usiku mpaka saa tano na nusu, sikuinuka ila mara moja kwenda kumfunika mtoto. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nimehukumu kwa kile kipande cha dakika mbili kilichozunguka kwenye simu. Nacho nitakifikia.

Sisi tuko Wete, Pemba, na msimu wa karafuu haumngoji mtu. Zilizochumwa mchana huchambuliwa usiku huohuo, asubuhi zianikwe. Ukiziacha zikavundikana, rangi inaharibika na bei inaharibika nayo. Kwa hiyo televisheni tunaitazama jamvini: mimi, mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, wifi yangu, na watoto wawili wanaolipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu, ambao kwa ajili hiyo hawana mchezo. Na mimi nimegundua zamani kwamba jamvi ndilo mizani ya kipindi. Kikiwa baridi, mikono inakwenda mbio na rundo linashuka. Kikinoga, utamkuta mtu kashika shada hewani, mdomo wazi.

Yule wa zamani, aliyestaafu, alikuwa akikaa kitako kwanza, anasema "Masalkheri," halafu ananyamaza kidogo. Ananyamaza makusudi, anangoja uitikie. Mavyaa alikuwa akimwitikia kila wiki, kwa sauti: "Masalkheri, baba. Za huko?" Tulikuwa tukicheka, lakini siku moja mavyaa alipokuwa safarini Tanga nilijikuta naitikia mimi.

Huyu mpya aliingia mbio. Muziki juu, taa za kila rangi, "Mambo vipi Zanzibaaar!" na kabla hatujavuta pumzi keshafika kwenye neno la tatu. Taa zenyewe hazikututisha. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakangoja mpaka 1994 kupata televisheni yoyote. Ila mavyaa alikuwa ameshainua uso, yuko tayari kuitikia. Akaurudisha chini kwenye karafuu, hakusema kitu. Wifi akanitazama.

Ikaja robo saa ya kijana kusimama peke yake akitania habari. Najua kautoa wapi mtindo huo. Marekani ndiyo desturi yao, mtu anazichezea habari za siku kisha ndiyo anakwenda mezani kwa mgeni, na kwao unakubali kwa kuwa wako hewani karibu kila usiku, habari ingali mbichi. Huyu anakuja mara moja kwa wiki na habari ambazo barazani zilikwishachambuliwa, zikaanikwa, zikakauka.

Kisha akatufikia sisi. Aliiga lafudhi ya Kipemba. Kutaniwa si neno, Waunguja na sisi tunataniana siku zote na yetu juu yao tunayo. Nilichukia kuigwa vibaya. Alichanganya usemi wa Kojani na wa Chake Chake, akawa anavuta mwisho wa kila neno kama mtu anayelia. Mwanangu wa miaka tisa akauliza, "Mama, huyu anaumwa?" Studio wakavunjika mbavu. Hicho ndicho kipande kilichosambaa asubuhi yake. Rafiki zangu wa Mjini wamenitumia wakisema kijana fundi. Huku kwetu anaitwa majina ambayo siyaandiki.

Mpaka hapo tulikuwa tumeshamaliza pishi mbili. Kasi hiyo sijapata kuiona.

Aliyemwokoa ni mgeni, mzee mvuvi wa Kojani ambaye ujana wake wote ulikwenda dago, yaani kule kuhama kwa miezi kufuata samaki na kupiga kambi pwani za watu. Kijana akasoma swali kwenye karatasi: "Ulikutana na changamoto zipi?" Mzee akamwangalia. "Changamoto ndiyo nini, mwanangu?" Kijana akacheka, safari hii cheko lake mwenyewe, akaiweka karatasi mezani. Akauliza, "Huko dago, babu, ulikuwa ukimkumbuka nani?"

Mzee akatazama mikono yake. Sekunde tano, sita, kimya kabisa, na kijana hakuingilia. Ndipo mzee akasema kwamba kila akirudi nyumbani mwanawe alikuwa akimkimbia, hamjui. Safari moja akakaa siku tatu anampelekea samaki wa kuchoma, mmoja mmoja, mpaka mtoto akakubali kukaa mapajani.

Jamvini hapana mkono uliokwenda. Mavyaa, ambaye marehemu mumewe alikuwa mtu wa bahari, akajifuta jicho kwa vidole vya karafuu, kosa ambalo hata watoto wanalijua. Tukakimbilia maji.

Tuliporudi, mzee akiwa katikati ya neno, likaingia tangazo la sabuni. Baada ya sabuni mzee hayupo, kuna msichana anaimba. Hilo simlaumu kijana, namlaumu aliyekaa kwenye mitambo.

Wanaotaka yule wa zamani arudishwe kesho, mimi simo. Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, alipoanza The Daily Show, kipindi cha Marekani cha kutania habari, 28 Septemba 2015, nilimtazama kwenye simu. Usiku wao ulikuwa alfajiri yetu, nami nilikuwa nakanda unga wa mandazi. Jon Stewart alikuwa amekikalia kiti hicho tangu 1999, na maoni siku ile yaligawika vilevile. Noah akakaa miaka saba, akaondoka kwa hiari yake Desemba 2022.

Nampa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za zile sekunde sita. Karatasi aiache nyumbani, na lafudhi yetu pia. Au aje aisikie huku msimu huu, majamvi yapo.

Mwisho wa kipindi akanyoosha vidole viwili kwenye kamera: "Baadaye!"

"Baadaye lini?" akauliza mavyaa, jicho bado jekundu, akavuta pishi.