Ultrasaundi ya ubongo ilivyomsaidia baba yangu

Kama mzazi wako anatibiwa Parkinson na dawa haimpi nafuu, ulizia kipimo hiki. Baba, mkazi wa Busia upande wetu wa Uganda, alimeza levodopa, dawa ya Parkinson, muda mrefu bila mabadiliko. Kutetemeka hakukuwa shida yake kubwa. Alikuwa akianguka, tena kinyumenyume, na ngazi zilimtisha kwa sababu macho yake hayakuweza kutazama chini. MRI ilitushinda: bei yake ni kubwa, na mzee hawezi kutulia ndani ya ile mashine.

Tulipimwa katika kliniki binafsi Kampala. Hakuna sindano wala mionzi. Mzee alilala chali, akapakwa jeli kwenye panja, mbele ya sikio, mahali ambapo mfupa ni mwembamba na mawimbi hupenya. Probu, kile kifaa kinachoshikwa mkononi na kugusishwa kichwani, ni ya aina ileile wanayopimia moyo. Akijitikisa, mpimaji husubiri kidogo kisha huendelea.

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wa baba. Daktari alituonyesha ubongo wa kati, wenye umbo la kipepeo. Kwa wagonjwa wa Parkinson ya kawaida, takriban 9 kati ya 10, sehemu yake iitwayo sabstansia nigra hung'aa kupita kiasi kwenye skrini. Georg Becker na wenzake walilieleza jambo hilo Ujerumani mwaka 1995. Ya baba haikung'aa. Kilichong'aa ni kiini cha lentifomu, sehemu nyingine ndani ya ubongo, na ventrikali ya tatu, yaani uwazi wenye majimaji katikati ya ubongo, ilikuwa imepanuka kupita milimita 10. Ukijumlisha na kuanguka na yale macho, daktari akaona ni PSP, ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson lakini unaoharibu mizani ya mwili na mwendo wa macho. Ugonjwa wa MSA, mwingine unaofanana na Parkinson, nao unaweza kuonyesha nigra ya kawaida na lentifomu inayong'aa, kwa hiyo upana wa ventrikali na dalili za mgonjwa vina uzito mkubwa.

Ndiyo maana nasisitiza: muulize mpimaji kama ameangalia sehemu zote tatu. Kwingine tulikopita kabla ya hapo waliangalia nigra peke yake wakaandika "kawaida", na ndugu zangu wakadhani mzee ni mzima! Kumbe nigra ya kawaida kwa mtu anayeanguka hivyo ni dokezo kubwa.

Kipimo kina mipaka. Wazee wengine, hasa akina mama, mfupa wa panja umekuwa mzito, picha haitoki kabisa. Ulizia mapema kama utalipa hata hivyo. Pia karibu mtu 1 kati ya 10 wenye afya nigra yake hung'aa, kwa hiyo picha pekee haitoshi, lazima daktari wa mishipa ya fahamu ampime mgonjwa mwenyewe.

PSP haina tiba ya kuiponya. Lakini sasa daktari anampunguzia baba levodopa polepole, tumefunga vyuma vya kushikilia bafuni, na mama anampikia uji mzito kwa sababu vitu vyepesi kama chai vilikuwa vinampalia.