Prado yangu imenyanyuliwa inchi mbili: uzoefu wangu na gereji iliyokagua hozi za breki na waya za ABS

Huduma ninayoielezea hapa ni kukagua kama hozi za breki (mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu) na waya za sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu) zimebaki na ulegevu wa kutosha baada ya gari kunyanyuliwa. Nilifanyiwa kwenye gereji moja ya Nyakato, hapa Mwanza, na naiweka juu ya kazi zote nilizowahi kulipia kwenye gari hili, springi mpya zikiwemo.

Gari lenyewe ni Prado ya zamani, umbo la 95, injini ya dizeli ya 1KZ, lina ABS. Kazi yangu inanipeleka mialoni, fukwe ambako wavuvi hushusha samaki: Igombe, Kayenze, vijiji vya upande wa Magu, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema pia naenda na kurudi bila kusubiri kivuko. Wanaozijua njia hizi wananielewa. Ukiacha lami upande wa Ilemela unakutana na mawe, na upande wa Magu kuna ule udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikiukolea gari linakaa kwa tumbo. Kwa hiyo nikanyanyua milimita 50. Nyuma zikawekwa springi nzito na shokapu ndefu, mbele zikawekwa spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu, juu ya shokapu.

Ufungaji ulifanywa na gereji nyingine ambayo siitaji. Bolti zilikazwa vizuri na gari likasimama sawa pande zote. Ila walilishusha kwenye jeki na kunikabidhi ufunguo bila kuangalia vile vitu vinavyotoka kwenye chesisi kwenda kwenye magurudumu. Haikuchukua muda, taa ya ABS ikaanza kuwaka kwenye makorongo ya njia ya Kayenze. Nikizima gari na kuliwasha inapotea, nikipiga shimo jingine inarudi.

Fundi mmoja aliniambia tukate waya wa taa tu, yaishe. Ushauri huu umeenea sana huku kwetu na mimi naupinga. Ni kweli kwamba kwenye vumbi na changarawe ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, na ni kweli kwamba taa hiyo ikiwaka breki za kawaida zinaendelea kufanya kazi. Lakini sehemu kubwa ya safari zangu ni lami. Barabara ya Musoma ikilowa, basi liko mbele, bodaboda imechomoza kutoka pembeni, hapo ABS naitaka. Halafu kuna hili: waya ukivutika unawasha taa, hozi ya breki ikivutika haiwashi chochote. Vyote viwili vinapita njia moja. Waya ukilalamika, hozi iliyo jirani yake inastahili kuangaliwa siku hiyo hiyo.

Nyakato nilimkuta fundi mkuu, mtu mzima, anafuta mikono kwa kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajafungua boneti akauliza, "Wamekuwekea shokapu ndefu, mwanangu, au wamebadilisha springi tu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Wengi tunafikiri gari likipanda inchi mbili basi hozi inahitaji inchi mbili zaidi. Sivyo. Nyuma ya Prado kuna ekseli nzima, na kinachoizuia isining'inie zaidi gari likiruka ni urefu wa shokapu. Ukiweka springi ndefu ukabakiza shokapu zile zile, gari litasimama juu zaidi, lakini ekseli ikining'inia inafika pale pale ilipokuwa ikifika zamani, na hozi haivutwi zaidi ya ilivyozoea. Ukiweka shokapu ndefu, ekseli inashuka zaidi na hozi inafuata. Mbele nako, spesa inayokaa juu ya shokapu inasukuma mkono wa chini unaoshika gurudumu ushuke zaidi ya mwanzo, kwa hiyo hozi na waya vinavutwa. Gari lililosimama sakafuni halikuonyeshi lolote kati ya haya.

Wakaweka stendi chini ya chesisi, magurudumu yote manne yakaachwa yaning'inie, shokapu zikiwa zimefungwa. Hilo la shokapu kubaki zimefungwa ni muhimu, kwa sababu ukizifungua ekseli inashuka kupita kiasi na utaona tatizo ambalo barabarani halipo, au utaikata hozi wewe mwenyewe. Kisha akaniita niingie uvunguni naye, akamulika tochi.

Hozi ya nyuma, ile inayotoka kwenye chesisi kwenda katikati ya ekseli, ilikuwa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi mbichi. Alipitisha kidole chini yake akajaribu kuinyanyua, haikunyanyuka hata kidogo. Pale mpira unapoingia kwenye ncha ya chuma kulikuwa na mistari myembamba ya mipasuko imezunguka nusu ya shingo. Nilipoigusa nilihisi kingo za mipasuko kwa ukucha. Hakukuwa na tone la mafuta ya breki nje bado. Nilibaki naitazama kwa muda, kwa sababu ndiyo hozi hiyo moja inayopeleka breki magurudumu yote mawili ya nyuma.

Mbele akamwambia kijana wake azungushe usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, huku magurudumu bado yananing'inia. Hozi za mbele zilibaki na ulegevu kidogo kulia. Kushoto hapakuwa na ulegevu usukani ukiwa umekatwa wote. Waya wa sensa wa upande huo ulikuwa umebanwa na klipu kwenye mkono wa juu, na kati ya klipu na gurudumu haukubaki na ziada yoyote. Kwa nje ngozi yake ilikuwa nzima. Akachomoa soketi yake, akaunganisha mita, akautikisa waya pale kwenye klipu. Usomaji ukaja, ukapotea, ukaja. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeshakatika, zinagusana gari likitulia na kuachana likitikisika. Ndiyo maana taa ilikuwa inakuja na kuondoka.

Akafanya na kinyume chake, jambo ambalo nadhani mafundi wengi wanalisahau: akapiga jeki upande mmoja wa ekseli hadi ikagota kwenye raba ya kuzuilia, kuona kama kuna hozi inayobanwa au kusuguliwa na tairi. Hozi ndefu kupita kiasi nayo ni hatari, inajikunja na kusuguana na springi mpaka itoboke.

Marekebisho sikuyafanya siku hiyo yote. Hozi ndefu ya nyuma tuliiagiza Dar, na gari nikaliacha palepale gerejini mpaka ikafika. Mbele hakubadilisha hozi. Alishusha kibraketi kinachoshika hozi kwenye chesisi na kulikunja taratibu bomba la chuma lifuate, ulegevu ukapatikana pande zote mbili. Sensa ya kushoto ilibadilishwa nzima pamoja na waya wake. Niliuliza kama waya hauwezi kuungwa, akakataa. Sensa za gari hili zinazalisha umeme mdogo sana gurudumu linapozunguka, na kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa selotepu, kikipata matope na maji, kinaharibu usomaji. Waya mpya akaupitisha njia ile ile lakini klipu ya juu akaisogeza, usukani ukikatwa wote unabaki na mkunjo unaoonekana kwa macho.

Washa za shaba kwenye viungo vya hozi zilikuwa mpya, si zile za zamani zilizogeuzwa. Mafuta ya breki yakatoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele yangu, DOT 3. Hili nalisifu kwa makusudi. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na chupa iliyokaa wazi kwenye rafu kwa miezi haifai tena kwa breki.

Kilichonishangaza zaidi ni kazi ambayo sikuiomba. Prado yangu nyuma ina valvu inayopima mzigo, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likibeba mzigo linashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Sasa gari likinyanyuliwa, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinapunguzwa hata ukiwa umejaza magunia ya dagaa hadi darini. Akaweka kibraketi cha kuinua ncha ya fimbo hiyo upande wa ekseli, kisha wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki akatoa na kwenye valvu yenyewe, maana ina mahali pake pa kutolea upepo. Tofauti niliisikia kwenye mguu nilipoteremka na mzigo: gari sasa linakaa chini kwa usawa, pua haizami kama zamani.

Akaangalia pia kibomba cha kupumulia cha difu ya nyuma, ile sanduku la gia lililo katikati ya ekseli. Kilikuwa karibu kuchomoka. Kwa sisi wa ufukweni hili si dogo. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, njia kadhaa za mialoni zilikuwa ndani ya maji, na misimu ya mvua bado tunavuka madimbwi ya kina. Difu ikiwa ya moto ikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kibomba kikiwa kimechomoka, kinachovutwa ni maji. Akaweka kirefu zaidi, akakifunga juu kwenye chesisi.

Kuhusu bei: ukaguzi peke yake ulinigharimu chini ya kujaza tenki, na wangenifanyia hata kama nisingenunua kitu kwao. Vipuri nililipa kwa risiti ya duka, ufundi kando. Gereji yoyote inayonyanyua magari ingepaswa kuuingiza ukaguzi huu kwenye bei ya kufunga, na mteja aonyeshwe uvunguni kabla gari halijashushwa.

Mapungufu wanayo. Eneo lao ni la vumbi, na siku ya mvua mlango wa kuingilia unageuka tope. Hawaweki vipuri vya breki dukani, kwa hiyo ukikutwa na hozi mbovu utasubiri kama nilivyosubiri. Na fundi mkuu asipokuwepo, vijana wanakagua kwa kuangalia tu gari likiwa chini. Hilo nililiona kwa gari la mtu mwingine nilipokuwa nasubiri langu, na nikamwambia mwenye gari asubiri mzee arudi.

Nimerudi kwao mara moja baada ya kutembea njia za Magu na Sengerema. Magurudumu yakaning'inizwa tena, hozi ya nyuma ina mkunjo, waya wa kushoto una mkunjo, na alama za grisi alizopaka mzee kwenye hozi, ili kuonyesha kama kuna kinachozisugua, hazijafutwa na kitu. Kwa hozi za mbele amesema nizibadilishe kwa sababu zimezeeka, si kwa sababu ya urefu, na hizo ndizo ninazoziagiza sasa. Ukienda, nenda asubuhi siku za kazi na upige simu kwanza, kwa sababu stendi ndefu wanazo seti moja, na gari likishapanda juu ya hizo hakuna lingine litakalokaguliwa mpaka lishuke.