Kipima uvujaji cha geji mbili kwa Subaru ya turbo: kinafaa Arusha?

Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 iliyobadilishwa turbo na kurimapiwa kompyuta (kupangwa upya programu ya injini) ikianza kumisi na kutoa moshi wa bluu, gereji nyingi hukimbilia geji ya komprasheni, inayopima presha ambayo pistoni yenyewe inaibana kwenye silinda. Ikisoma psi 118, basi hukumu imeshatoka: injini imekwisha, ishushwe. Lakini Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni takriban asilimia 85 ya ile ya Dar. Injini inayosoma psi 140 Dar, hapa itasoma karibu na hiyo 118 ikiwa nzima kabisa.

Kipima uvujaji hakina shida hiyo, maana hewa inatoka kwenye kompresa na kuingia silinda kwa mpira unaofungwa kwenye tundu la plagi. Geji ya kwanza inaonyesha presha inayoingia, ya pili inayobaki kwenye silinda. Tofauti yake ndiyo inayovuja.

Pasha injini moto, kisha iache ipoe kiasi cha kufungua rejeta bila kuungua. Toa plagi zote nne, fungua kifuniko cha oili, shikilia throtoli wazi. Kwa spana ya 22 kwenye boliti ya krenki, leta pistoni ya silinda unayopima juu kabisa (mwisho wa mwendo wake upande wa hedi), valvu zote zikiwa zimefunga. Ongeza hewa polepole: psi 100 juu ya pistoni ya milimita 92 ni msukumo wa zaidi ya kilo 460, na pistoni ikiwa imepita kileleni kidogo tu, spana itakupiga mkono.

Uvujaji chini ya asilimia 10 ni mzuri, 20 ni uchovu. Silinda tatu zikisoma 8 na moja 35, mgonjwa umempata. Tega sikio: hewa ikipumua kwenye mdomo wa oili ni ringi au pistoni, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye throtoli ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. EJ20 zilizopandishwa presha ya turbo hupenda kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa silinda ya 4, na komprasheni inaweza kupita vizuri huku ukingo umeshapasuka. Ile mbinu ya kumimina oili kidogo ndani ya silinda ili kutofautisha ringi na valvu iacheni; injini hii imelala, pistoni zake zinakwenda kwa ubavu, oili inatuama upande wa chini na majibu yanapotosha.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na mpira mgumu wa kwenye boksi: plagi za Subaru zimebanwa kati ya hedi na chesisi, kwa hiyo tafuta mpira laini wenye nyuzi za milimita 14. Vipima vya geji moja yenye rangi nyekundu, njano na kijani viacheni dukani. Na pampu ndogo ya kujazia tairi haitoshi, unahitaji kompresa yenye tangi.

Beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) kifaa hiki hakizioni kabisa. Kama mlio ni wa kugonga chini, kata filta ya oili kwa kikatio chake, si kwa grainda inayomwaga chenga zake humo humo. Kunjua karatasi ya filta juani. Chenga zinazong'aa rangi ya shaba au alumini zikiwemo, injini isiwashwe tena. Sumaku hainasi chenga hizo, kwa hiyo boliti safi ya kumwagia oili isikuridhishe.